Faida ya Kuhesabu Ndege

Ewe msomaji, ikiwa wakaa Mowlem, au katika mtaa wowote wa mashariki ya Nairobi, hukosi kuwaona mwewe wakizunguka juu ya maghorofa, na makorongo wakubwa wenye vipara wakishuka upande wa Dandora penye jaa la taka. Huenda hujapata kujiuliza kama yuko mtu anayewahesabu ndege hao, wala kama hesabu hiyo yaweza kumfaa yeyote. Watu hao wapo, na chama chao ni cha zamani kuliko mtaa wako, na ni cha zamani kuliko Jamhuri yenyewe. Katika insha hii nataka kukueleza jinsi chama hicho kilivyoanza, jinsi kilivyogeuka, na kazi tatu kinazozifanya: kuchunguza, kufundisha na kutetea. Kazi hizo ni kama mafiga matatu. Ukiondoa figa moja, chungu hakikai.

Chama chenyewe kiliundwa mjini Nairobi mwaka wa 1909. Wakati huo mji ulikuwa na umri wa miaka kumi tu, kwa maana reli ilifika hapa mwaka wa 1899, na kabla ya hapo palikuwa nyika yenye kinamasi na malisho ya ng'ombe. Jina la kwanza la chama lilikuwa Chama cha Elimu ya Viumbe cha Afrika ya Mashariki na Uganda. Miongoni mwa waanzilishi walikuwamo maofisa wa serikali ya kikoloni na wamisionari. Mmoja alikuwa Frederick Jackson, ofisa mkubwa wa serikali aliyependa sana ndege, ambaye baadaye alikuwa Gavana wa Uganda tangu 1911 hadi 1918. Mwingine alikuwa mmisionari Harry Leakey, baba wa Louis Leakey aliyekuja kujulikana duniani kote kwa kuchimbua mifupa ya watu wa kale. Mwaka wa 1910 chama kilianza kutoa jarida lake, ili kila mwanachama aliyeona jambo jipya aliandike na wengine wapate kulipima.

Yafaa tusimame hapa kidogo, tuulize: kulikuwa na haja gani ya kuwa na chama na jarida Nairobi? Jibu utaliona katika mambo ya mwaka huo huo wa 1909. Mwezi wa Aprili alifika Mombasa Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka karibuni katika urais wa Marekani. Yeye na wenzake walisafiri wakiwinda na kutega, na wakakusanya wanyama wapatao 11,000, tangu wadudu na fuko hata viboko na ndovu. Mizigo hiyo ilipelekwa Washington. Na kabla ya hapo makumbusho ya London na ya Berlin yalikwisha kupokea ngozi na mifupa mingi kutoka nchi hizi. Basi hali ilikuwa hivi: mtu aliyetaka kujua habari za ndege aliyeruka juu ya kichwa chake Nairobi ilimbidi apande meli kwenda Ulaya. Elimu ya nchi ilikuwa nje ya nchi. Chama kipya, kwa kuweka sanduku la kwanza la vielelezo na rafu ya kwanza ya vitabu hapa hapa, kilianza kuugeuza mwendo huo.

Mwaka wa 1910 chama kilifungua makumbusho madogo mahali palipokuja kujengwa Nyayo House. Vielelezo vikazidi nafasi, na mwaka wa 1922 makumbusho yakahamia mahali ambapo baadaye palijengwa hoteli ya Serena. Huko nako kukawa kudogo. Ndipo serikali ilipotenga ardhi kwenye kilima ambacho sasa chaitwa Museum Hill, na tarehe 22 Septemba 1930 jumba jipya likafunguliwa. Liliitwa Makumbusho ya Coryndon, kwa kumkumbuka Gavana Robert Coryndon aliyefariki mwaka wa 1925. Baada ya uhuru jina la gavana likaondolewa, na jumba likawa Makumbusho ya Taifa. Kwa hiyo, mwanafunzi anayepelekwa na mwalimu wake kutazama mifupa ya ndovu kwenye kilima kile anatembelea mti uliokua kutokana na mbegu iliyopandwa na kikundi kidogo cha watu waliotoa vitu vyao na saa zao bila mshahara.

Lakini historia isemayo sifa tupu si historia. Chama hiki kilizaliwa ndani ya ukoloni, na kilikuwa na alama zake. Kwa miaka mingi wanachama walikuwa Wazungu. Waafrika walikuwamo katika kazi, tena katika kazi nzito: ndio walioijua njia ya msitu, walioujua mlio wa ndege kabla ya kumwona, waliotega, waliochuna ngozi na kuibeba mizigo. Hata hivyo majina yao hayakuandikwa, isipokuwa mara chache sana. Ndege aliyekuwa na jina la Kikamba, la Kigiriama au la Kimaasai tangu zama za mababu alihesabiwa kuwa amegunduliwa siku aliyopewa jina la Kilatini, na mara nyingi pamoja na jina la mkoloni fulani. Ndiyo sababu mpaka leo utakuta katika vitabu ndege wa nyasi za nyanda za juu aitwaye kwa jina la Jackson. Makumbusho yenyewe hayakuwa ya kila mtu tangu mwanzo. Ilikuwa ni katika miaka ya Louis Leakey, aliyeanza kuyasimamia mnamo 1941, ndipo milango ilipofunguliwa kwa watu wa rangi zote.

Je, kwa sababu hiyo tuikatae elimu yenyewe? Mimi naona sivyo. Maji ya kisima hayawi haramu kwa sababu aliyekichimba alikuwa mchoyo. Lililo wajibu ni kukifungua kisima, na kuyaandika majina ya waliobeba udongo. Chama nacho kilibadilika pamoja na nchi. Nchini Kenya kimejulikana kwa jina la Nature Kenya, na nchini Uganda kina ndugu yake aitwaye NatureUganda. Wachunguzi na viongozi wake wamekuwa wenyeji wa nchi hizi, na kazi imetoka katika kuua na kukausha, ikaingia katika kutazama, kuhesabu na kulinda.

Sasa tuitazame kazi ya kwanza, yaani uchunguzi. Watu wengi hudhani kwamba uchunguzi wa elimu hufanywa na mabingwa peke yao katika vyumba vyenye darubini za thamani. Sehemu yake ni hivyo. Lakini kuna elimu isiyoweza kupatikana na bingwa mmoja, hata awe hodari namna gani, kwa sababu nchi ni pana na siku za mtu ni chache. Hapo ndipo chama kinapofaa, maana haba na haba hujaza kibaba. Mwaka wa 1989 kilitoka kitabu cha ramani za ndege wa Kenya, kazi ya Adrian Lewis na Derek Pomeroy. Nchi nzima iligawanywa katika miraba, na kwa kila aina ya ndege ikaonyeshwa miraba aliyoonekana. Kumbukumbu zilizojaza ramani hizo ziliandikwa na watu wengi kwa miaka mingi: walimu, wakulima, madaktari, watalii na mabwana nyama.

Mfano mwingine ni wa Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi. Hoteli ilijengwa huko juu ya mlima, na katika miezi ya Novemba na Desemba, usiku wa ukungu usio na mwezi, ilionekana kwamba ndege wadogo wahamao kutoka kaskazini huvutwa na taa zake kwa maelfu. Tangu 1969 wachunguzi wamekuwa wakiwanasa kwa nyavu laini, wakiwavika kila mmoja pete nyepesi yenye nambari mguuni, kisha wakiwaachia waende zao. Mamia ya maelfu ya ndege wamevikwa pete kwa njia hiyo. Baadhi yao wameonekana tena Urusi na katika nchi za Uarabuni, na hivyo ikajulikana kwa hakika njia wanayopita. Fikiri, msomaji: ndege mwenye uzito mdogo kuliko barua huvuka majangwa na bahari, na habari zake zapatikana kwa kipande cha madini kisichozidi ukubwa wa punje ya mtama.

Mwaka wa 1999 ulifika wakati wa kuzikusanya habari hizi kwa kusudi maalumu. Leon Bennun na Peter Njoroge walitoa kitabu kilichoorodhesha mahali 60 nchini Kenya palipo muhimu kwa ndege kuliko pengine pote. Kila mahali palielezwa: upana wake, ndege wake, na hatari inayopakabili. Orodha hiyo ilikuwa kama daftari la daktari. Kabla yake mtu aliweza kusema tu kwamba misitu inaharibika. Baada yake aliweza kusema ni msitu upi, umepungua kiasi gani, na nani atapotea ukiisha.

Kazi ya pili ni elimu. Jarida lenye maneno ya kitaalamu haliwafikii wengi, na chama kililitambua hilo. Tangu mwaka wa 1971, kila Jumatano asubuhi, pamekuwako matembezi ya kutazama ndege yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno, mwandishi na mwalimu wa mambo ya viumbe. Katika matembezi hayo hapana mtihani. Mgeni hutembea kando ya mjuzi, huonyeshwa ndege, husikilizishwa mlio wake, na wiki ijayo hurudi akiwa amejua majina matano ambayo hakuyajua. Vijana wengi waliokuja kuongoza watalii, kufundisha vyuoni au kufanya uchunguzi walianzia kwa kutembea namna hiyo. Nao wanafunzi wa Kenya walikwisha kuanzisha vilabu vyao vya wanyama pori mwaka wa 1968, vikaenea katika shule nyingi. Wahenga walisema kwamba asiyekujua hakuthamini, na neno hilo ni kweli kwa viumbe kama lilivyo kweli kwa watu.

Kazi ya tatu, yaani utetezi, ndiyo ngumu kupita zote, kwa kuwa hapo chama hukutana na watu wenye haja ya ardhi. Twende pwani tuone. Kusini ya Malindi uko msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420. Ndani yake huishi bundi mdogo asiyezidi kimo cha kiganja na vidole vyake, na sange mwenye manyoya ya dhahabu kiunoni. Lakini wakulima waliokaa kando ya msitu waliona hasara tu: ndovu na nyani walikula mahindi yao, nao walikatazwa kukata mti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wengi wao walitaka msitu ugawanywe uwe mashamba. Chama kingeweza kuwahubiria juu ya uzuri wa bundi, na wao wangesikiliza kwa adabu kisha wakaenda na mashoka. Badala yake, mwaka wa 1993, kwa kushirikiana na Makumbusho ya Taifa, ulianzishwa huko Gede mradi wa Kipepeo. Wakulima walifundishwa kufuga viwavi wa vipepeo wa msituni, na mabundo yao, yaani vipepeo wakiwa bado katika magamba yao, yakauzwa Ulaya na Marekani katika nyumba za maonyesho. Kipepeo hapatikani bila msitu. Hivyo mkulima aliyeuona msitu kuwa adui alianza kuuona kuwa ghala.

Kaskazini ya hapo uko msitu wa Dakatcha. Huko huishi kwera mmoja, ndege wa jamii ya wale wasukao viota, ambaye hapatikani popote duniani ila katika sehemu hiyo ya pwani. Wataalamu walimwandika mwaka wa 1913, lakini kwa muda wa miaka 100 hapakuwa na mtaalamu aliyejua anataga wapi. Kiota chake kilionekana mwaka wa 2013, katika kinamasi cha msimu huko Dakatcha, na waliokitafuta walikuwa wanachama pamoja na kikundi cha wanakijiji wanaoulinda msitu huo. Zingatia basi jambo lililotangulia. Miaka michache kabla ya hapo, kampuni moja ilitaka hekta 50,000 za mahali hapo ipande mbono kwa ajili ya mafuta ya magari ya Ulaya, ikidai kwamba mafuta hayo yangepunguza moshi unaoharibu hewa ya dunia. Chama na wenzake walitaka dai hilo lipimwe. Uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba, ukihesabu misitu itakayofyekwa, mafuta hayo yangeongeza gesi mbaya mara 2.5 hadi 6 kuliko mafuta ya kawaida. Mwaka wa 2012 mpango huo ukakataliwa. Laiti ungalikubaliwa, huenda kiota kile kingalifyekwa kabla ya kuonekana.

Usidhani, lakini, kwamba utetezi hushinda kila siku. Chama hakina askari, wala hakimu, wala hazina ya serikali. Kina hesabu tu, na mdomo wa kuisema. Mbono ulipokataliwa Dakatcha, uchomaji wa makaa haukukoma, kwa sababu njaa haikukoma. Katika uwanda wa juu wa Kinangop, ambako ndege wa nyasi amepungukiwa na makao kila uwanda unapogeuzwa kuwa mashamba ya viazi na kabichi, chama kimelazimika kununua vipande vya ardhi, maana maneno matupu hayawezi kumzuia mtu kulima shamba lake mwenyewe. Pale delta ya mto Tana, ambako mashamba makubwa ya miwa yalikusudiwa, kazi ilichukua miaka mingi: wafugaji, wakulima na wavuvi walikaa pamoja na wataalamu kuandika mpango wa matumizi ya ardhi, naye kila mmoja alilazimika kuacha kidogo ili apate kingi. Mwaka wa 2012 delta hiyo ikaingizwa katika orodha ya dunia ya ardhi chepechepe zenye thamani kuu.

Hapa najua, msomaji wa Mowlem, utaniuliza swali, nalo ni swali la haki. Utasema: mambo ya bundi wa Sokoke yananihusu nini mimi, ambaye dirisha langu latazamana na dirisha la jirani, na moshi wa jaa la Dandora waingia darasani? Je, si afadhali kwanza kuwahesabu watu?

Sikiliza. Katika orodha ile ya 1999 ya mahali muhimu kwa ndege, yamo mabwawa ya Dandora, huko Ruai. Nayo si ziwa la watalii. Ni mabwawa ya kusafisha maji machafu ya sehemu kubwa ya Nairobi. Maji hayo huingia katika bwawa la kwanza, uchafu mzito ukatuama, kisha huhamishwa polepole kutoka bwawa hadi bwawa. Humo vijidudu huula uchafu, na mimea midogo ya kijani huwapa hewa kwa nguvu ya jua. Wadudu huzaliana, na ndege hufuata wadudu. Kuanzia Oktoba hadi Aprili huja hata sululu na bata waliozaliwa Ulaya na Asia. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanachama wamekuwa na desturi ya kuhesabu ndege wa majini kila Januari, katika maziwa ya Bonde la Ufa na katika mabwawa ya Nairobi. Ndege hao ni mashahidi. Wakitoweka ghafula, jua kwamba maji yameharibika, na maji hayo hayaishii Ruai. Huingia Mto Nairobi, ukaungana na Athi, ambao huko mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, ukamwagika baharini karibu na Malindi. Njiani hunywesha ng'ombe na mashamba. Anayehesabu bata Ruai anachunguza maji ya mtu wa Malindi.

Na kuhusu kuwahesabu watu, kumbuka kwamba njia ni ile ile moja. Mwaka wa 2007 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilitangaza uchunguzi uliofanywa karibu na jaa la Dandora. Watoto 328 walipimwa damu, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi kupita kiasi kinachokubaliwa. Kabla ya hapo mama wa Dandora au Korogocho aliyelalamika aliweza kuambiwa kwamba ni kikohozi cha kawaida. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kumjibu hivyo. Hesabu haikuliondoa jaa, lakini ilimnyima kila mkubwa ruhusa ya kusema hakujua. Yule aliyejizoeza kutazama, kuandika tarehe, kuhesabu bila kutia chumvi, na kuwaonyesha wenziwe wampime, ameshika chombo kinachofaa kwa ndege, kwa maji na kwa damu ya mtoto.

Na chombo hicho si cha watu wa mbali. Tangu mwaka wa 2013 imeanzishwa ramani mpya ya ndege wa Kenya, na nchi yote imegawanywa katika miraba ya kilomita kama 9 kwa 9. Mchunguzi huchagua mraba, hutazama kwa saa zisizopungua mbili, huandika kila aina ya ndege aliyoiona au kuisikia, naye aweza kuongeza kwa muda wa siku tano. Mowlem nayo imo ndani ya mraba. Hautazamwi na bingwa wa London kwa niaba yako. Unangoja mtu anayekaa humo. Mwewe wa maghorofani, kwarara apigaye kelele alfajiri, korongo wa jaani, kunguru, yangeyange wa kando ya mto, wote ni haki ya kuandikwa. Ukiwaandika mwaka huu, na mwenzako akawaandika baada ya miaka kumi, ninyi wawili mtakuwa mmesema neno ambalo hakuna aliye peke yake angeweza kulisema: kwamba mahali hapa pamezidi kuwa pema, au pamezidi kuharibika.

Walioanza chama mwaka wa 1909 hawakumkusudia mtoto wa Mowlem. Hakuwamo katika mawazo yao. Lakini daftari waliloliacha lina kurasa nyeupe, na kalamu sasa iko mkononi mwako. Andika na jina lako, ili watakaokuja wajue ni nani aliyehesabu.